Safari ya zenoni chini ya Gran Sasso

Siku ya 1: Roma, Assergi, Ukumbi B

Kutoka Roma unashika barabara kuu ya A24, kilomita kama 120, hadi Assergi, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa L'Aquila. Ofisi za Maabara ya Kitaifa ya Gran Sasso ziko hapo nje, ila vyombo vyenyewe vimo ndani ya mlima, kando ya handaki la magari lenye urefu wa kilomita 10. Mgeni hushangaa kuona lango linapitwa. Lango liko kwenye njia ya magari yanayotoka Teramo, kwa hiyo anayetoka Assergi huvuka mlima mzima, hugeuza gari upande wa pili, ndipo aingie.

Juu ya kichwa kuna mwamba wa mita 1,400. Sababu ya kuja huku ni kuzikimbia myuoni, chembe zinazozaliwa angani miale ya anga za mbali inapogonga hewa. Juu ya ardhi, kila mita moja ya mraba hupitiwa na myuoni kama 10,000 kwa dakika. Humu ndani hubaki kama moja kwa saa. Hata hiyo moja ni nyingi, na ndiyo sababu kigunduzi cha XENONnT, kinachotumia zenoni ya kimiminika kutafuta maada ya giza, kimezamishwa katikati ya tangi la maji la tani 700, lenye kimo cha mita 10. Myuoni ikipita kwenye maji hutoa mwanga hafifu, na vipokea mwanga vya pembeni huiandika.

Ukumbi B una ubaridi na unyevu mwaka mzima, maana mlima huu umejaa maji, na watu wa Abruzzo huyanywa. Ndiyo maana hakuna kimiminika kinachomwagwa ovyo humu, na maji ya tangi yenyewe husafishwa kwa kuzungushwa.

Safari hii inafuata njia ya zenoni yenyewe, gesi adimu ya hewani: mitungi, mnara wa kukenekea (kutenganisha vitu kwa kuchemsha na kupoza), vichujio, chumba cha ugunduzi, kisha kurudi ghalani. Wengi huja wakidhani kazi kubwa humu ni kuitafuta maada ya giza, maada isiyoonekana inayodhaniwa kuujaza ulimwengu. Anayeshika zamu atakwambia kazi kubwa ni kupambana na uchafu, na kila uchafu una dawa yake.

Siku ya 2: Mitungi na ghala

Katika hewa tunayovuta, zenoni ni kama sehemu moja kati ya milioni 11 na nusu. Hupatikana kwenye mitambo mikubwa inayotenganisha hewa, hasa ile inayolisha oksijeni viwanda vya chuma. Inafika kwa mitungi, na kila mtungi hupimwa kabla ya kupokelewa, kwa sababu mmoja mchafu ukiunganishwa na mfumo umechafua vyote vilivyotangulia.

XENONnT ina zenoni tani 8.6. Ikiwa gesi ya kawaida ingejaza karibu mita za ujazo 1,450. Ikiwa kimiminika, chenye uzito wa kilo 2.86 kwa lita, inatosha kwenye mita za ujazo 3. Kimiminika kizito namna hiyo chajikinga chenyewe: mionzi ya gama kutoka kwenye kuta hunaswa sentimita chache za kwanza, na katikati hubaki kimya.

Tabu iko kwenye joto. Kwa presha ya hewa ya kawaida zenoni huganda kwenye nyuzi −111.8 za Selsiasi na huchemka kwenye −108.1, yaani nafasi ya nyuzi nne tu hazitimii. Humu huendeshwa kwa presha ya bar 1.9 hivi na nyuzi −96, ili kuwe na nafasi zaidi kabla ya kuganda. Jokofu lisipodhibitiwa, barafu ya zenoni huota kwenye kichwa cha shaba chenye baridi na kuziba njia. Hatari inakuja barafu hiyo ikiyeyuka kati ya vali mbili zilizofungwa: kimiminika kikigeuka gesi ya joto la chumbani hutaka nafasi zaidi ya mara 500. Hakuna kipande cha bomba kinachoweza kufungwa pande zote mbili bila vali ya usalama au sahani ya kupasuka. Kwenye mchoro wa mabomba, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kukagua, kipande kwa kipande, kwa kidole.

Kutoa gesi mtungini nako kuna taratibu zake. Ukiivuta haraka mtungi hupoa, hufanya jasho, kisha sakitu, kama mtungi wa gesi ya kupikia unaotumika kwa kasi, na presha hushuka kabla haujaisha. Huzungushiwa blanketi la umeme la kupasha moto, mtiririko hupunguzwa, na mizani iliyo chini ya mtungi ndiyo inayoaminiwa. Geji ya presha isikudanganye: zenoni ikiwa chini ya nyuzi 16.6 inaweza kuwa kimiminika ndani ya mtungi, na hapo geji husoma namba ileile siku nzima huku kilo zikipungua.

Ghala la humu linaitwa ReStoX: tufe la chuma cha pua lenye kuta mbili, linalopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, lenye uwezo wa tani 7.6. Limeundwa kuhimili presha ya bar 73, ili umeme na nitrojeni vikikosekana vyote, zenoni ipate joto la chumbani na bado ikae ndani. Ghala la pili, lenye uwezo wa tani 10, liliongezwa kwa ajili ya XENONnT.

Hesabu ndogo ya baridi: kuipoza gesi kutoka joto la chumbani na kuigeuza kimiminika hutaka takriban kilojuli 115 kwa kilo. Jokofu la wati 200 lingegeuza kimiminika kilo 150 kwa siku, na tani 8.6 zingekula karibu miezi miwili. Nitrojeni ya kimiminika, yenye kilowati kadhaa za kupoza, si anasa.

Siku ya 3: Kriptoni na radoni

Leo ndiyo siku ndefu kuliko zote, na inastahili.

Kriptoni huja na zenoni tangu kiwandani, kwa kuwa zote mbili ni gesi za hewa. Shida ni kriptoni-85, iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu na uchakataji wa fueli ya vinu vya nyuklia. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni miaka 10.8, na elektroni inazotoa zinafanana na ishara nyingine yoyote ndogo. Kichujio cha kemikali hakiioni, kwa sababu kriptoni ni gesi adimu kama zenoni yenyewe na haishikamani na kitu.

Dawa yake ni kukeneka. Kriptoni huchemka kwenye nyuzi −153, mbali chini ya zenoni. Mnara wa humu una kimo cha mita 5.5. Chini kuna chungu cha kuchemshia, juu kuna kipozeo, na katikati matundu ya wavu wa chuma yanayoipa gesi inayopanda na kimiminika kinachoshuka nafasi ya kugusana tena na tena. Kriptoni hujikusanya juu na hutolewa pamoja na kama asilimia moja ya zenoni. Hiyo asilimia ndiyo bei ya usafi. Mnara hupitisha hadi kilo 6.5 kwa saa. Piga hesabu: tani 8.6 ni zaidi ya siku 50 mfululizo, usiku na mchana. XENONnT ilifikia kriptoni 56 kati ya atomu milioni bilioni za zenoni.

Ukitaka kujua namba hiyo ni ndogo kiasi gani, chukua lita moja ya hewa ya ukumbini. Hewa ina kriptoni kama sehemu 1.1 kwa milioni. Lita hiyo moja ikiingia kwenye tani 8.6, kiwango kinapanda zaidi ya mara 10, na mnara unawashwa upya. Uvujaji wa namna hiyo hausikiki wala hauonekani. Hutafutwa kabla ya kujaza: mfumo mzima huvutwa ombwe, kiungo kimoja kimoja hupuliziwa heli kwa nje, na kipima uvujaji husikiliza ndani. Anza chini ukipanda utadanganyika, maana heli ni nyepesi na hupanda. Unaweza kulaumu kiungo cha chini kumbe kinachovuja ni cha juu. Hakika zaidi ni kukifunga kiungo kwa mfuko wa nailoni, kupulizia ndani ya mfuko, na kusubiri kabla ya kuhamia kingine.

Wenzao wa LZ, kigunduzi cha zenoni cha Marekani, chini ya mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake huko Lead, South Dakota, walichukua njia nyingine. Zenoni yao ya tani 10 ilisafishwa kwenye maabara ya SLAC, California, kwa kupitishwa kwenye makaa yaliyoamilishwa ikisukumwa na heli. Kriptoni hupita haraka, zenoni huchelewa, na vali hugeuzwa katikati. Matokeo yanalingana. Ubora wa makaa ni usahili wake. Ubora wa mnara ni kwamba unaweza kuwekwa pembeni mwa kigunduzi na kufanya kazi kikiwa kinaendelea.

Radoni, gesi adimu yenye mionzi, ni adui wa tabia tofauti. Kriptoni ukiitoa imetoka. Radoni-222 huzaliwa upya kila siku kutoka kwenye chembe za elementi ya radiamu zilizomo ndani ya chuma, kwenye nyaya, kwenye viungo vya kulehemu, hata kwenye vichujio. Nusu-uhai wake ni siku 3.8. Kwa hiyo vita viko pande mbili. Kwanza ni kuchagua vifaa: kila boliti na kila kipande cha tefloni hupimwa kabla ya kukubaliwa, na ncha za kulehemu zenye thori hazitumiki. Pili ni mnara mwingine wa kukenekea, unaofanya kazi kinyume: radoni huchemka kwenye nyuzi −62, juu ya zenoni, kwa hiyo hubaki chini, hufungiwa pale, na kuozea palepale. Hakuna cha kutupa.

Kasi ndiyo kila kitu. Mnara ukichukua majuma matatu kuizungusha zenoni yote, radoni mpya itakuwa imeshazaliwa na kufanya madhara yake. Huu wa humu hupitisha kama kilo 71 kwa saa, tani 1.7 kwa siku, na zenoni yote humalizika kwa siku tano hivi. Kiwango kilishuka chini ya mikrobekereli 1 (mwozo mmoja kwa sekunde milioni) kwa kilo. Kwa mikrobekereli 0.8, tani nzima ya zenoni hupata mwozo mmoja wa radoni kila dakika 20 hivi.

Siku ya 4: Oksijeni, maji, na elektroni zinazopotea njiani

Chembe ikigonga zenoni, elektroni chache hung'oka, na umeme huzivuta juu hadi kwenye uso wa kimiminika. Safari hiyo ni ya hadi mita 1.5. Molekuli ya oksijeni au ya maji ikikutana na elektroni huimeza. Kinachopimwa ni wastani wa muda ambao elektroni huishi kabla ya kumezwa.

Katika XENONnT elektroni inayotoka chini kabisa hutumia milisekunde 2.2 kufika juu. Kigunduzi kilichotangulia, XENON1T, kiliishia na maisha ya elektroni ya kama milisekunde 0.65. Kwa usafi huo, kati ya elektroni 100 za chini zingefika 3 tu. XENONnT ilivuka milisekunde 10, na hapo hufika 80. Ni zenoni ileile na chombo cha namna ileile. Tofauti ni bomba.

Zamani zenoni ilichukuliwa ikiwa gesi, ikasukumwa kwenye geta, silinda ya aloi ya zirkoni iliyopashwa moto inayokamata oksijeni, nitrojeni, maji na hidrojeni na kuziacha gesi adimu zipite. Njia hiyo ni nzuri ila polepole, maana gesi ni nyepesi. Hapa imeongezwa pampu inayosukuma kimiminika chenyewe, lita 2 kwa dakika. Lita mbili zaonekana kidogo mpaka uzizidishe: ni tani 8 na zaidi kwa siku, karibu zenoni yote.

Mambo mawili huharibu hapa. Tefloni, inayozunguka chumba chote kwa sababu huakisi vizuri sana mwanga wa zenoni wa nanomita 175, hunywa maji na oksijeni kama haijavutwa ombwe vya kutosha, na huvitoa taratibu kwa wiki nyingi. Ukiona maisha ya elektroni yanapanda kisha yanagoma mahali pamoja, shuku tefloni au uvujaji. Ukiona yameanguka ghafla, shuku pampu au vali iliyoguswa. Kingine ni geta yenyewe: ikiwa ya moto na hewa ikaingia, zirkoni huungua na kufa. Vali ya kuitenga hufungwa kabla ya kufungua chochote kwenye laini, si baada.

Siku ya 5: Ndani ya chumba

Chumba cha ugunduzi ni silinda yenye upana wa mita 1.3 na kimo cha mita 1.5, yenye tani 5.9 za zenoni inayotazamwa. Neli za fotomaltiplaya, vipokea mwanga vinavyougeuza kuwa pigo la umeme, ni 494, kila moja ya inchi 3: 253 juu na 241 chini. Kila fotoni inayozifikia ina nafasi ya kama theluthi moja ya kuhesabiwa.

Chembe ikigonga, hutokea mmweko wa kwanza palepale. Elektroni zikipanda na kuvutwa kutoka kwenye kimiminika kwenda kwenye gesi iliyo juu, hutoa mmweko wa pili, mkubwa zaidi. Muda kati ya mimweko miwili hueleza kina. Umbo la mmweko wa pili kwenye neli za juu hueleza mahali. Uwiano wa mimweko hutenganisha kilichogonga elektroni ya atomu, kama kriptoni na radoni, na kilichogonga kiini chake, kama nyutroni au, ikijaliwa, maada ya giza.

Kipimo kinachodai uangalifu mkubwa humu ni cha milimita. Kati ya waya za lango na waya za anodi, nyavu mbili zenye umeme zinazovuta elektroni juu, kuna milimita 8, na uso wa kimiminika unakaa milimita 5 juu ya lango. Ukipanda nusu milimita, mmweko wa pili hupungua. Chombo kikiinama kidogo, upande mmoja hung'aa kuliko mwingine. Kimo hushikiliwa na kengele ya kuzamia, ambayo presha ya gesi ndani yake husukuma uso chini hadi mahali unapotakiwa, na husomwa kwa vipimo vya kapasita. Mwinamo hurekebishwa kwa fimbo kutoka nje ya tangi. Tena, tefloni husinyaa kama asilimia moja ikipoa, hivyo silinda ya mita 1.5 hupoteza sentimita moja na zaidi. Aliyepima kila kitu kwenye joto la chumbani na kukaza boliti zote atapata waya zilizolegea au nguzo zilizopasuka.

Umeme nao una hadithi yake. XENONnT iliundwa kubeba volti nyingi zaidi kwenye kathodi, wavu wa chini wenye umeme hasi, lakini njia fupi ya umeme kati ya kathodi na waya za chini yake ilizuia, na kathodi ikabaki kwenye −2.75 kilovolti. Uga ukawa volti 23 tu kwa sentimita. LZ, kwenye matokeo yake ya kwanza, iliendesha 193. Mbona hawakufungua na kurekebisha? Kufungua maana yake ni kutoa tani 8.6, kupasha joto chombo chote, kuingiza hewa na radoni yake, kisha kuanza upya ombwe na wiki za kusafisha. Walipima faida wakaendelea, na usafi wa siku ya nne ndio uliowabeba: elektroni zinakwenda polepole, lakini zinafika.

Neli nazo huzeeka. Zenoni ikipenya kwenye ombwe la neli, ayoni zake hutoa mapigo ya ziada baada ya pigo halisi, kwa kuchelewa kunakojulikana. Kila wiki mapigo hayo huhesabiwa neli kwa neli. Yanayoongezeka yanasema inavuja. Huzimwa, na hesabu za ramani ya mwanga husahihishwa.

Siku ya 6: Vyanzo, na uchafu usiochujika

Kigunduzi hakiaminiwi mpaka kionyeshwe vitu vinavyojulikana. Kriptoni-83m, yenye nusu-uhai wa saa 1.83, huingizwa na gesi, husambaa kote, hutoa kiloelektronivolti 32.1 na 9.4, na kesho yake imeisha. Chanzo cha amerisi na berili hushushwa nje ya chombo ili kitoe nyutroni, chembe inayofanana zaidi na maada ya giza kuliko zote. Nyutroni za kweli, zitokazo kwenye vifaa, hunaswa na maji yanayozunguka chombo, na tangu gadolini, metali inayonasa nyutroni, iongezwe kwenye maji hayo hunaswa vizuri zaidi.

Bila umakini huu mtu hudanganyika. Mwaka 2020 XENON1T ilitangaza ziada ya matukio madogo yasiyoelezeka. Dunia nzima ya fizikia iliandika makala. Mwaka 2022 XENONnT, ikiwa safi zaidi, haikuona ziada hiyo. Maelezo ya kawaida kabisa, mabaki kidogo ya tritiamu (hidrojeni yenye mionzi), ndiyo yanayopewa uzito.

Na ukishaondoa kila kitu, hubaki Jua. Nyutrino, chembe nyepesi mno zinazotokana na boroni-8 ndani ya Jua, hupita kwenye mwamba, maji na chuma bila kujali, na mara chache husukuma kiini kizima cha zenoni. Hakuna mnara wala kichujio cha kuzizuia. Julai 2024, kwenye mkutano uliofanyika L'Aquila, nje tu ya mlima huu, XENONnT ilitoa dalili zake za kwanza za tukio hilo, kwa sigma 2.7 (kipimo cha uhakika wa kitakwimu). PandaX-4T, kigunduzi kingine cha zenoni kilicho chini ya mlima wa Jinping, Sichuan, Uchina, ilifikia karibu kiwango hichohicho. Kwa mwenye kutafuta maada ya giza huo ni ukungu unaozidi kadiri chombo kinavyokua. Kwa mwenye kulichunguza Jua, chombo kilekile sasa ni darubini.

Siku ya 7: Kurudisha

Zenoni ghali hivi haiachwi ndani ya chombo kinachofunguliwa. Humu hurudishwa ReStoX. Kwenye maabara ndogo yenye kilo kadhaa, kazi hufanywa kwa mitungi na nitrojeni ya kimiminika, na hatua ni hizi. Mtungi uwe wa alumini, kwani chuma cha kawaida hukatikakatika kwenye nyuzi −196. Uvutwe ombwe, upimwe uzito mtupu, kisha utumbukizwe kwenye nitrojeni. Zenoni huganda ukutani kwake na kuivuta iliyobaki kutoka kwenye chombo, bila pampu yoyote. Kiwango cha kilo kisichovukwa huandikwa kabla ya kuanza, kutokana na ujazo na presha iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi. Barafu haina presha, kwa hiyo geji haitakuonya. Mtungi uliojazwa kupita kiasi hupasuka baada ya saa kadhaa, ukiwa umeshasahauliwa kwenye kona.

Mita ya oksijeni ivaliwe kifuani muda wote. Nitrojeni inayochemka huifukuza hewa, na zenoni, nzito mara nne na nusu kuliko hewa, hujikusanya sakafuni na mashimoni. Tena ni dawa ya usingizi.

Mtungi ukishapata joto, kauka na kufutwa maji, hupimwa tena, na jumla ya kilo hulinganishwa na daftari la kujazia. Zikipungua gramu mia chache, kwa kawaida zimo kwenye laini ya geta au mguu wa bomba uliosahaulika nyuma ya vali. Zitafutwe huko kwanza, na pampu ya ombwe isiwashwe mpaka daftari likubaliane na mizani.